Somo la Leo: Chombo cha Kusikilizia

Leo tunasema na wewe uliyepandikizwa kifaa cha kusikia ndani ya sikio. Wataka kusikiliza redio au simu. Ununue chombo gani?

Kumbuka: sauti yako haiingii kwa tundu la sikio. Hupokewa na maikrofoni, ambayo mara nyingi huwa juu ya sikio, ikageuzwa kuwa umeme, ukafika kwenye neva. Kwa hiyo ukinunua vidude vya kuchomeka tunduni, huenda fedha zako zikapotea bure. Chagua vipokea sauti vikubwa, vinavyofunika sikio pamoja na maikrofoni. Au tumia Bluetooth, kama kifaa chako kinaipokea. Muulize mtaalamu wako.

Usilipe kabla ya kujaribu. Vaa, visogeze, sikiliza habari. Umeyafahamu maneno? Basi, nunua. Kwaherini.