Fremu na Nusu-Fremu: Istilahi za Mlango wa Video

Afasiriye kwa Kiswahili maelekezo ya kuuandikia programu mlango wa video hukutana mapema na neno "picha", na neno hilo laelekea kumpotosha. Prosesa ya ishara za dijitali TMS320DM642, iliyotengenezwa na Texas Instruments ya Marekani, ina milango mitatu ya namna hiyo. (Kuiita bandari hakufai: hakuna kinachotia nanga hapo, tarakimu hupita tu.)

Kwa kanuni ya BT.656 ya mistari 625, fremu moja, yaani picha nzima, ina mistari 576 ionekanayo, na kila mstari una nukta 720. Lakini fremu haitolewi kwa mfululizo. Hutangulia mistari ya witiri, 288, ndipo ifuate ya shufwa, 288 vile vile; kwa sekunde moja hupita fremu 25, nusu zake 50. Wafuatao kamusi wangeiita nusu hiyo "uga"; lakini uga ni uwanja, wala haudokezi kwamba kitu kimegawanywa. "Nusu-fremu" ni bora.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Katika kumbukumbu ya mtambo fremu hukaa nzima, na mwangaza wa kila mstari huchukua baiti 720, mbali na rangi. Ili nusu-fremu itoke, programu humwamuru mchukuzi wa data asome baiti 720, kisha aruke 720 za mstari unaofuata. Msomaji aliyeambiwa "picha" mahali pote hatauona mruko huo. Atapeleka mistari 288 ya juu katika nusu ya kwanza na 288 ya chini katika ya pili, na kiooni sehemu hizo mbili zitafumana mstari kwa mstari: uso wa mtu juu ya miguu yake.

Akiba ndogo iliyo mlangoni yafaa kuitwa "foleni", kwa kuwa kiingiacho kwanza ndicho kitokacho kwanza. "Ghala" halisemi hayo. Foleni hiyo ina nafasi ya baiti 5120, nazo hazifikii mistari minne, maana mmoja pamoja na rangi zake hutumia 1440. Mstari hupita kwa mikrosekunde 64, na mlango haumngoji mchukuzi. Akichelewa, picha huharibika. Hali hiyo yafaa iitwe "kukatika kwa foleni", si "upungufu wa data": data imo kumbukumbuni, ila haikuwahi.