Istilahi za Simujanja na Mnunuzi Anayesita

Utangulizi

Wako watu wengi, wakiwamo walimu na watumishi wa serikali waliokaribia kustaafu, ambao hadi leo hutumia simu ndogo ya vitufe na hawaoni haja ya kuwa na nyingine. Inafaa kusema mapema kwamba watu hao hawastahili kuchekwa. Simu yao hukaa na chaji kwa siku kadhaa, huanguka bila kuvunjika, ina tochi, na huifanya barabara kazi waliyoinunulia. Hata hivyo, shughuli nyingi zimehamia mahali ambapo simu hiyo haifiki. Nchini Tanzania, kwa mfano, mtumishi wa umma aliyezoea kujaza fomu za OPRAS kwa kalamu sasa huandika mpango wake wa kazi katika mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Asiyekuwa na kompyuta hana budi kutafuta simu yenye uwezo huo.

Mtu wa namna hii afikapo dukani hukutana na vikwazo viwili. Cha kwanza ni bei, nacho kiko nje ya uwezo wa wanalugha. Cha pili ni maneno. Anaelezwa habari za chombo asichokijua kwa maneno ambayo ama hayajui, ama anayajua kwa maana nyingine. Makala haya yanakusudia kuyachambua baadhi ya maneno hayo, kuonyesha yanavyoweza kumtia mnunuzi hasara, na kutoa mapendekezo machache kwa wafasiri na walimu.

Jina la chombo

Neno simu lina asili ya Kiajemi, na moja ya maana zake katika lugha hiyo ni uzi wa madini. Lilipoingia katika Kiswahili lilitumika kwa habari zilizopelekwa kwa waya, kisha likatumika kwa chombo cha kuzungumzia. Leo chombo hicho hakina waya, na hakuna anayeona ajabu kukiita simu. Huu ni ushahidi kwamba neno likishazoewa hubeba maana mpya bila taabu.

Kwa simu ya aina mpya, majina ni mengi. Wapo wasemao simujanja, wapo wasemao simu mahiri, na watu wa mitaani husema simu ya kupangusa, kwa kuwa mtumiaji hupitisha kidole juu ya kioo kama apangusaye vumbi. Simu ya zamani nayo imepewa jina la kitochi nchini Tanzania, na mulika mwizi nchini Kenya.

Jina simujanja limeenea, lakini lina jambo la kutazamwa. Katika Kiswahili ujanja una sura mbili: ni werevu, na pia ni hila. Sungura wa hadithi zetu ni mjanja kwa maana zote mbili. Basi mtu mwenye wasiwasi akiambiwa anunue simujanja, huenda akasikia ile maana ya pili. Hatupendekezi jina hilo liachwe, maana limekwisha kukubalika. Tunashauri tu kwamba mwalimu anayelifundisha aeleze kuwa ujanja huo ni uwezo wa kupokea programu mpya zinazoongeza kazi za simu, ambao kitochi cha kawaida hakina.

Maneno ya dukani

Neno linaloleta hasara kubwa kuliko mengine ni memori. Muuzaji husema, "Hii ina memori 128," na mwingine husema, "Hii ina memori 4." Mnunuzi hudhani ya kwanza ni bora mara nyingi zaidi, kumbe wawili hao wanataja vitu viwili tofauti. Wafasiri nao wameongeza utata kwa kuviita vyote viwili kumbukumbu.

Tofauti yake yaweza kuelezwa kwa mfano wa ofisi. Ofisi ina kabati la majalada na ina meza ya kufanyia kazi. Kabati likiwa kubwa, majalada mengi huhifadhiwa, nayo hubaki humo hata ofisi ikifungwa. Meza ikiwa kubwa, karani hufungua majalada mengi kwa wakati mmoja bila kuchelewa, lakini jioni meza husafishwa. Ndivyo ilivyo katika simu. Picha, nyaraka na programu hukaa katika kabati. Zile zinazotumika wakati huo huletwa mezani. Simu yenye kabati kubwa na meza ndogo itahifadhi mengi, lakini itakuwa nzito katika utendaji wake.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu makasha ya baadhi ya simu za bei nafuu huandikwa gigabaiti 8 mahali pa meza, na kando yake, kwa herufi ndogo, 4+4. Maana yake ni kwamba meza halisi ni gigabaiti 4 tu, na zile 4 nyingine zimeazimwa kutoka katika kabati. Nafasi ya kuazima hufanya kazi polepole kuliko meza yenyewe. Mnunuzi asiyekuwa na maneno mawili tofauti hawezi hata kuuliza swali.

Neno la pili ni mtandao. Mtu akisema "hakuna mtandao", yawezekana anamaanisha kwamba mawimbi ya simu hayafiki, au kwamba intaneti haipatikani, au kwamba mfumo wa ofisi fulani umesimama. Tena, akiulizwa "unatumia mtandao gani?", hutaja jina la kampuni ya simu. Kwa hiyo anayeuliza dukani kama simu inashika mtandao atajibiwa ndiyo kwa kila simu. Swali lililo wazi ni kama simu hiyo inapokea mawimbi ya kizazi cha 4, na kama mawimbi hayo yanafika kijijini kwake.

Neno la tatu ni orijino. Wauzaji hulitumia kwa simu mpya, kwa simu iliyotumika ikakarabatiwa, na hata kwa simu bandia. Lakini kila simu halali ina namba tambulishi yenye tarakimu 15, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#. Namba hiyo ilinganishwe na ile iliyo kwenye kasha kabla ya kulipa. Mwezi Juni 2016 Tanzania ilizizima simu bandia, na wengi waliozinunua bila kujua wakabaki na vyombo visivyo na kazi.

Maneno ya ndani ya simu

Baada ya kununua, mtumiaji hukutana na maneno ya kwenye kioo. Mengine yamechaguliwa kwa ustadi. Pakua ni kutoa chakula chunguni, na pakia ni kuweka mzigo chomboni. Yeyote aliyewahi kukaa jikoni au bandarini huelewa mara moja kipi kinakuja kwake na kipi kinaondoka. Sasisha, lililoundwa kutokana na sasa, hueleza vizuri kazi ya kuipa programu hali ya leo. Kivinjari, kutokana na kuvinjari kwa chombo baharini, ni neno lenye sura nzuri.

Mengine yana kasoro. Katika baadhi ya tafsiri za programu, kuizuia huduma isifanye kazi kumeitwa kulemaza. Kulemaza ni kutia kilema. Mtu anayeiogopa simu yake akiombwa athibitishe kwamba anataka kulemaza kitu, ataacha. Neno zima lingetosha, kwa sababu kilichozimwa huwashwa tena.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko katika maneno ya siri. Simu inapotumika kwa fedha, mtumiaji huwa na siri za aina tatu: neno la siri la kuingilia katika programu, namba ya siri ya kutolea fedha, na namba inayotumwa kwa ujumbe ili itumike mara moja. Hii ya tatu mara nyingi huitwa namba ya uthibitisho. Jina hilo halisemi kwamba namba hiyo ni siri. Bali lasikika kama kitu ambacho mtu humpa mwenzake ili kuthibitisha jambo. Tapeli hupiga simu na kusema, "Mzee, nisomee namba ya uthibitisho iliyoingia sasa hivi." Mzee mwenye adabu husoma. Kama ujumbe ungeiita siri ya mara moja, neno lenyewe lingemzuia.

Mapendekezo

Utaratibu unaojulikana katika uundaji wa istilahi ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, ndipo kukopa kwingine. Kwa kufuata utaratibu huo, yafuatayo yanaletwa mbele ya wasomaji yajadiliwe. Ni mapendekezo tu, kwa kuwa usanifishaji ni kazi ya Baraza.

1. Hifadhi: mahali simu inapoweka picha, nyaraka na programu kwa kudumu.
2. Kumbukumbu ya kazi: mahali panaposhika kile kinachotumika kwa wakati huo.
3. Kumbukumbu ya kuazima: sehemu ya hifadhi inayotumiwa kusaidia kumbukumbu ya kazi.
4. Mawimbi: uwezo wa simu kufikiwa na mnara, neno mtandao liachiwe intaneti.
5. Namba tambulishi: tarakimu 15 zinazoitofautisha simu moja na nyingine.
6. Muda wa kusasishwa: kipindi ambacho mtengenezaji ameahidi kuendelea kutoa masasisho ya usalama.
7. Siri ya mara moja: namba inayotumwa kwa mtumiaji, isiyopaswa kusomewa mtu yeyote.

Hitimisho

Istilahi hupimwa kwa mtu anayeihitaji, si kwa yule aliyeiunda. Mwenye kusita anapokwenda dukani akiweza kuuliza hifadhi ni kiasi gani, kumbukumbu ya kazi ni kiasi gani bila ya kuazima, namba tambulishi ni ipi, na simu itasasishwa hadi lini, atakuwa amepata kwa lugha yake maswali yanayolinda fedha yake. Akiisha kupata majibu akaamua kubaki na kitochi chake, huo nao utakuwa ni uchaguzi wa mtu aliyeelewa. Wafasiri wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao, na walimu kuyapima darasani na kwa wazazi, kisha walete maoni yao.