Kifaa Sio Doh, Maneno Ndio Doh: Venye Utalinda Kripto Yako Ukiwa Kericho ama Bomet

Beste yangu wa Litein alikuwa amejipanga. Alikuwa anafanya job za mtandaoni, analipwa kwa kripto, na kila mwezi anaweka kitu kidogo kando ndio siku moja anunue kashamba ka majani chai karibu na kwa mathe. Alikuwa hata amenunua waleti ya kifaa, ile ndogo inakaa flashi disk. PIN iko kichwani, kifaa kiko kabatini chini ya nguo.

Siku moja akauliza swali kwa grupu ya Telegram. Dakika chache tu, msee mwenye picha na jina linakaa la kampuni akamwandikia kando: "Pole kwa shida, jaza maneno yako hapa tukusaidie." Akajaza yote 24. Kabla chai ipoe, balansi ilikuwa sufuri. Miaka miwili ya kukesha, imeenda. Na kile kifaa bado kilikuwa kabatini, kimefungwa na PIN, hakuna mtu amekigusa.

Kama hujaelewa venye hiyo iliwezekana, usitume hata soo moja kwa waleti yako kabla umalize kusoma hii.

Kwanza, unalinda nini?

Sisi wote tumelelewa na M-Pesa. Simu ikiibiwa stage ya Kapkatet, unaenda na kitambulisho, unarudisha laini, doh iko pale pale. Ni juu doh haikuwa kwa simu, iko kwa rekodi za Safaricom. Ukituma namba mbaya, unapeleka ile meseji kwa 456 na kuomba Mungu.

Kripto haina 456. Rekodi ya Bitcoin inakaa kwa maelfu ya kompyuta dunia nzima, na hakuna ofisi ya kurudisha kitu. Chenye wewe uko nacho ni ufunguo wa siri unaoruhusu doh itoke. Kazi ya kifaa ni kutengeneza huo ufunguo na kuuficha ndani. Ukitaka kutuma, simu inaandaa muamala, kifaa kinausaini ndani kwa ndani, halafu kinarudisha sahihi peke yake. Hata simu yako ikiwa imejaa virusi, ufunguo hautoki.

Sasa yale maneno 12 ama 24 unayopewa siku ya kwanza ni huo ufunguo wenyewe, umeandikwa kwa njia binadamu anaweza kunakili. Yanatoka kwa orodha ya maneno 2,048 inayoitwa BIP39, iko tangu 2013. Mtu akiyapata hahitaji kifaa chako wala PIN yako. Anayaingiza kwa waleti yake, doh inahama. Ndio kilichomfanyikia beste yangu.

Je, unahitaji kifaa kweli?

Vifaa vya bei ya chini huanza kama dola 50 hivi, na bado kuna usafirishaji na ushuru. Kama kripto yako yote haifiki hiyo bei, tulia kwanza. Na tafadhali, bonasi ya majani ya mathe ikiingia Oktoba usiende kuirusha kwa kripto. Hii story ni ya kulinda chenye uko nacho tayari.

Lakini ukiacha kitu kikubwa kwa soko la kripto la mtandaoni, kumbuka FTX. Novemba 2022 hiyo kampuni ilianguka na wateja wakafungiwa nje kama mlango wa keja ukidaiwa rent. Kenya sasa tuko na sheria ya kampuni za kripto, ilisainiwa Oktoba 2025, na zitasimamiwa na Benki Kuu pamoja na CMA. Poa. Lakini hiyo sheria ni ya kampuni. Maneno yako ukiyapoteza wewe mwenyewe, hakuna waziri atayatafuta.

Kununua bila kuchezwa

Nunua kwa mtengenezaji mwenyewe, kaa Ledger ama Trezor, ama muuzaji ambaye wao wenyewe wamemtaja kwa tovuti yao. Usinunue ya mitumba, hata kama ni ya cousin. Kuna mtego wa kitambo: kifaa kinakuja na karatasi nzuri, maneno tayari yameandikwa. Aliyeyaandika anangoja tu ujaze doh. Kifaa cha ukweli kinakuja kitupu, na maneno yanatokea kwa skrini yake mbele yako.

Pia chukua mzigo wako kwa ofisi ya mjini, usiletewe hadi kwa boma. Mwaka wa 2020 data ya wateja wa Ledger ilivuja: majina, namba za simu na anwani za watu zaidi ya 270,000 zikamwagwa mtandaoni. 2021 wengine wakaanza kutumiwa vifaa feki nyumbani, na barua ya kuwaambia waweke maneno yao. Kampuni yenyewe haikuwa wakora, lakini wakora walijua pa kugonga.

Kuset, hatua kwa hatua

Jifungie peke yako. Hakuna kamera, hakuna beste anachungulia.

1. Unganisha kifaa na simu ama kompyuta kwa kebo. Apu itoe kwa tovuti ya mtengenezaji, usiitafute kwa matangazo ya Google.
2. Weka PIN. Isiwe ya M-Pesa, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Ukikosea mara tatu kwa Ledger, kifaa kinajifuta. Kwa Trezor ni mara 16. Usipaniki, maneno yanarudisha kila kitu.
3. Andika maneno kwa kalamu na karatasi, kwa mpangilio ule ule, na namba zake. Ni ya Kizungu; orodha ya Kiswahili haiko, ya Kikipsigis ndio usiulize. Usitafsiri, usirekebishe spelling. Usipige picha, usijitumie WhatsApp, usisevu kwa barua pepe.
4. Tuma doh kidogo tu ya majaribio. Kabla ya kutuma, linganisha anwani iliyo kwa simu na ile iliyo kwa skrini ya kifaa. Kuna virusi vya kubadilisha anwani ukikopi, kwa hivyo amini skrini ya kifaa.
5. Hii wengi huruka, na ndio ya maana zaidi: futa kifaa makusudi, halafu kirudishe kwa kutumia karatasi yako. Balansi ikirudi, umeandika vizuri. Isiporudi, umepoteza ya chai na mandazi tu. Sasa ndio unahamisha kubwa.

Na stima ikipotea katikati ya apdeti, venye hufanya mvua ikianza huku kwetu? Doh haiendi mahali. Haiko kwa kifaa.

Mvua, moshi na mchwa

Huku kwetu mvua ni karibu mwaka mzima. Karatasi inashika unyevu, wino unakimbia, moshi wa jikoni unafanya yake, mchwa wanamaliza. Usipeleke cyber kulaminetiwa. Yule wa kaunta atasoma maneno yako yote kabla akuitishe pesa.

Nunua kipande cha chuma kisichoshika kutu na zile stempu za kugonga herufi, halafu gonga mwenyewe. Usimpe fundi. Herufi nne za kwanza za kila neno zinatosha, juu kwa ile orodha hakuna maneno mawili yanaanza na herufi nne zinazofanana. Tengeneza nakala mbili, kila moja nyumba yake. Moja inaweza kukaa ocha kwa lile sanduku la title deed ya shamba, juu kila boma inajua hilo sanduku haliguswi ovyo.

Na ukienda?

Najua hutaki kusikia. Lakini ukifariki na doh kwa benki ama M-Pesa, familia inaweza kuifuatilia, hata ikishapelekwa kwa UFAA, ile mamlaka ya mali zisizodaiwa. Kripto ikikosa maneno imekufa na wewe.

Chagua mtu mmoja unayemwamini kabisa. Mwambie kuna kitu, na mahali maelekezo yako. Hahitaji kuyaona maneno leo. Andika barua fupi ya kueleza hiyo chuma ni ya nini, ndio kogo asiitumie kuzuia mlango.

Sheria moja ukisahau zote

Maneno yanaingia mahali pamoja tu: kwa kifaa chenyewe, siku unakirudisha. Hayaingii kwa tovuti, fomu, grupu ama simu. Mtu yeyote akiyaitisha, hata akijua jina lako kamili na siku ulinunua kifaa, huyo ni mwizi. Usimjibu, mbloku.

Beste yangu bado anafanya zile job. Ameanza tena kutoka sufuri, na sahii chuma yake iko kwa sanduku kwa mathe. Kashamba bado hajanunua. Wewe usingoje uibiwe ndio uchanuke. Leo jioni toa ile karatasi, uone kama maneno bado yanasomeka.