Je, Wajua? Ekografi Ilianzia kwa Mafundi wa Chuma

Mashine inayomwonyesha mtoto tumboni ilitokana na mashine ya kutafuta nyufa ndani ya chuma!

Mwaka 1955, daktari Ian Donald wa Glasgow alipakia kwenye mabuti ya magari mawili uvimbe uliokatwa kwa wagonjwa, akaupeleka kiwandani ukapimwe kwa mashine hiyo ya chuma. Cha kulinganishia? Pande la nyama ya ng'ombe.

Kufikia 1958 alikwisha kumwokoa mama aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika. Ekografi ilionyesha uvimbe wa maji tu kwenye ovari. Ukatolewa, akapona.

Ekografi hutumia sauti, ila huisikii. Sikio la mtu hukomea mitetemo 20,000 kwa sekunde. Ekografi huanzia kama milioni 2. Na ule ute wa baridi unaopakwa tumboni hufukuza hewa. Hewa ikibaki, picha hakuna.

Mwaka 2018 kilianza kuuzwa Marekani kifaa cha ekografi cha kuchomeka kwenye simu, kwa chini ya dola 2,000. Kinaingia mfukoni, basi hata mtumbwi kinapanda. Kwa mtaa wa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba ukitokea mtaa wa Kasuku, si jambo dogo: mjamzito anaweza kubaki kwake, mashine ndiyo ikavuka.