Diplome iko, lakini kazi yako iko wapi? Namna ya kutayarisha mashine yako uchangie programu ya seva

Wandugu, mwaka jana niliitwa kwenye mahojiano ya kazi hapa Bukavu. Mukubwa mwenye alikuwa ananihoji alisoma diplome yangu ya infomatiki, akaiweka pembeni, akaniuliza: «Sawa, diplome uko nayo. Sasa nionyeshe kazi yenye ulifanya.» Nikanyamaza. TFC yangu ilikuwa imelala ndani ya flashi, na hakuna mtu aliyewahi kuitumia.

Siku ile niliamua kuchangia programu huria, yaani programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kusoma kodi yake na kupendekeza mabadiliko. Leo nawaeleza nilivyotayarisha mashine yangu, juu hapo ndipo wengi wetu tunakwama.

Kwanza, chagua programu inayolingana na mashine yako. Yangu iko na RAM ya GB 4 tu. Nilichagua Valkey, seva inayohifadhi data ndani ya RAM ili ijibu haraka. Ilizaliwa mwaka 2024, Redis ilipobadilisha leseni yake. Wachangiaji wakachukua kodi ya toleo 7.2.4 na kuiendeleza chini ya Linux Foundation. Imeandikwa kwa lugha ya C na haidai vitu vingi.

Kwenye Ubuntu, vifaa ni hivi tu:

sudo apt install build-essential git tcl

Tcl ni ya majaribio. Usiiruke, utaihitaji.

Pili, fungua akaunti ya GitHub, tengeneza nakala yako ya Valkey mule, kisha uishushe kwa git clone --depth 1, ukifuatisha anwani ya nakala yako. Maneno yale --depth 1 yaliniokolea mega nyingi: badala ya kushusha historia yote ya kodi, unapata hali yake ya leo peke yake. Utaona tawi kuu linaitwa unstable. Usiogope jina, ndipo kazi mpya inapoingia.

Tatu, ingia ndani ya folda, andika make, halafu ngoja. Hapa umeme ulinikatikia katikati na betri yangu haishiki. Nilidhani nitaanza upya. Apana! Make inalinganisha saa za mafaili, na inakompile yale tu ambayo hayajakamilika au yamebadilika. Ukipata makosa ya ajabu kisha umeme kurudi, pengine faili moja iliharibika ilipokuwa inaandikwa. Andika make distclean, ndipo uanze upya.

Ikimaliza, washa src/valkey-server. Kwenye dirisha lingine washa src/valkey-cli, uandike SET mji Bukavu. Itajibu OK. Andika GET mji, itakurudishia Bukavu. Hiyo ni seva yenye wewe mwenyewe umejenga, na haitumii hata mega moja ya intaneti.

Nne, fanya majaribio KABLA ya kugusa kitu. Amri ni ./runtest. Yote yanachukua muda, kwa hiyo unaweza kuanza na sehemu moja: ./runtest --single unit/type/list. Sababu ni hii: kama jaribio linaanguka leo, kabla hujabadilisha kitu, unajua kosa si lako. Ukiruka hatua hii, kesho utapoteza siku mzima ukitafuta kosa ambalo hukulifanya.

Tano, tengeneza tawi lako, rekebisha kitu kidogo, tuma. Mimi nilianza na maelezo yaliyokosewa ndani ya kodi, mistari miwili tu. Ombi langu likawekwa alama nyekundu! Nilihuzunika, nikafikiri wamenidharau. Kumbe nilisahau sahihi. Kila badiliko linadai mstari unaothibitisha kwamba uko na haki ya kutoa kodi ile. Unauweka kwa git commit -s. Kama umesahau kama mimi, andika git commit --amend -s, kisha utume tena kwa git push --force. Alama ikawa kijani, mtu akasoma, akaniomba nibadilishe neno moja, kisha ikapokelewa.

Sitawadanganya: kesho yake sikupata kazi. Lakini sasa mtu akiniuliza kazi yangu iko wapi, namwonyesha. Anaona jina langu, tarehe, na namna nilivyojibu nilipokosolewa. Diplome haisemi hayo.

Mwenye yuko tayari, aandike hapa chini mashine yake iko na RAM ngapi. Kodi yote niko nayo kwenye flashi. Ukikosa mega, njoo nikukopishie.