Tetesi za chanjo zipelekwe kwenye VAR

MUSOMA. Shabiki wa soka wa Mara hadanganyiki kirahisi kwenye mambo ya usajili. Mwambie straika mkubwa wa Ulaya anatua Jangwani au Msimbazi wiki ijayo, atakurushia maswali matatu kabla hujamaliza sentensi. Nani kasema? Kajuaje? Klabu imethibitisha? Ukishindwa kujibu, anakucheka na kuendelea na kahawa yake.

Lakini mtu huyohuyo akitumiwa klipu ya sekunde 30 inayodai mchezaji kaanguka uwanjani kwa sababu ya chanjo, haulizi hata swali moja. Anaisambaza. Filimbi ya mapumziko haijapulizwa, klipu imeshatoka Mwigobero mjini Musoma, imepita stendi ya Bunda na imefika Butiama.

Tetesi ya usajili ikiwa ya uongo, hasara yake ni utani wa siku mbili kijiweni. Tetesi ya chanjo ikiwa ya uongo, anayelipa ni mtoto ambaye hakuwepo hata kwenye hayo mazungumzo.

KLIPU YA ERIKSEN

Stori iliyowashika mashabiki wengi duniani ni ya Christian Eriksen. Juni 12, 2021, Denmark ikicheza na Finland kwenye Euro jijini Copenhagen, kiungo huyo alidondoka zikiwa zimebaki dakika chache kwenda mapumziko. Hakuguswa na mtu. Moyo ulisimama. Nahodha wake, Simon Kjær, aliwahi kumweka sawa, madaktari wakamkandamiza kifua na kumshtua moyo kwa mashine, akazinduka.

Saa chache baadaye mitandaoni ikazagaa kwamba Eriksen alichanjwa korona siku chache kabla, na kwamba daktari wa Inter Milan alilisema hilo kwenye redio moja ya michezo ya Italia. Ukiisikia hivyo unaamini, maana ina daktari, ina klabu, ina redio.

Kisha ukweli ukatoka. Redio iliyotajwa ikakana kuwahi kufanya mahojiano hayo. Mkurugenzi wa Inter, Giuseppe Marotta, akasema Eriksen hakuwa amechanjwa na hakuwa ameugua korona. Yaani sindano yenyewe haikuwepo.

Eriksen aliwekewa kifaa kidogo kifuani cha kulinda mapigo ya moyo. Sheria za Italia hazikumruhusu kucheza nacho, akaenda England. Alianzia Brentford, kisha Manchester United. Juni 2024 alirudi kwenye Euro na kuifungia Denmark bao dhidi ya Slovenia. Klipu hiyo ya bao haikusambaa kama ile ya kuanguka.

WALIANGUKA KABLA YA CHANJO

Mashabiki wenye umri mkubwa kidogo wanamkumbuka Marc-Vivien Foé. Juni 26, 2003, Cameroon ikicheza nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia mjini Lyon, Ufaransa, Foé alidondoka katikati ya uwanja na kufariki.

Kanda ya Ziwa nayo ina kidonda chake. Desemba 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, mchezaji wa kikosi cha vijana cha Mbao FC ya Mwanza alianguka na kufariki dakika chache baada ya kuifungia timu yake bao. Mwaka huo korona yenyewe ilikuwa haijajulikana duniani, achilia mbali chanjo yake.

Madaktari wa michezo wanajua kwamba kuna wachezaji wanaozaliwa na hitilafu za moyo bila kujua. Misuli imenenepa kupita kiasi, au umeme unaoongoza mapigo una kasoro. Mwili unahimili mpaka siku unapokimbizwa sana. Ndiyo maana klabu kubwa huwapima wachezaji moyo kabla ya msimu.

Hapo ndipo tetesi inapofanya ubaya wake wa kwanza. Kijiwe kikimaliza jioni nzima kubishana kuhusu sindano, hakuna anayeuliza kama kwenye bonanza la Jumapili kuna hata mtu mmoja anayejua kumkandamiza kifua mchezaji aliyeanguka. Eriksen aliokolewa na watu waliojua cha kufanya ndani ya dakika za kwanza.

MADHARA YAPO, YASIFICHWE

Sasa isije ikaonekana chanjo haina madhara kabisa. Yapo. Mkono kuuma, homa, uchovu na kichwa kugonga kwa siku moja au mbili ni mambo ya kawaida. Hiyo ni kinga ya mwili inafanya mazoezi, kama misuli inavyouma baada ya pre-season.

Yapo na makubwa, lakini ni ya nadra sana. Mzio mkali hutokea kwa takriban mtu mmoja katika dozi milioni moja, na kwa kawaida hutokea ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu anayechanjwa huambiwa akae kama dakika 15 kabla ya kuondoka, ili likitokea, dawa iko karibu.

Chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilileta kuvimba kwa misuli ya moyo kwa watu wachache, zaidi vijana wa kiume baada ya dozi ya pili, na wengi wao walipona. Korona yenyewe nayo huleta tatizo hilohilo. Janssen, ambayo ndiyo ilikuwa ya kwanza kuletwa Tanzania, ilisimamishwa Marekani kwa siku 10 mwezi Aprili 2021. Sababu ni wanawake sita waliopata tatizo la damu kuganda, mmoja wao akafariki, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8 zilizokuwa zimetolewa. Mwaka 2022 nchi hiyo ikaiwekea masharti zaidi.

Ukitazama vizuri, hiyo ni VAR. Tukio linaonekana, mchezo unasimamishwa, picha zinarudiwa, uamuzi unatolewa hadharani. Watu sita kati ya mamilioni walionekana kwa sababu kuna waliokuwa wanahesabu. Hapa nyumbani kazi ya kupokea taarifa za madhara ya dawa na chanjo ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mtu akipata tatizo baada ya sindano, arudi kituoni aliripoti liandikwe. Akiishia kuliposti kwenye grupu, hakuna anayelihesabu.

BUNDA NA MABINTI

Mkoa wa Mara una timu yake ya kina dada, Bunda Queens, iliyofika mpaka Ligi Kuu ya Wanawake. Wanaume wanaishangilia. Halafu siku ya chanjo ya HPV ikitangazwa shuleni, wapo wazazi wanaomwambia binti abaki nyumbani, kwa sababu wamesikia sindano hiyo ni uzazi wa mpango wa siri na itamfanya asizae.

Chanjo hiyo inakinga saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa kuua wanawake nchini. Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, Watanzania zaidi ya 10,000 waligundulika nayo kwa mwaka na zaidi ya 6,000 walikufa. Hao wakikaa, wanajaza majukwaa ya Uwanja wa Karume, Musoma. Ni mama, shangazi na dada wa mashabiki hawahawa.

Ndani ya sindano hakuna dawa wala homoni ya kuzuia mimba. Kuna ganda la kirusi lililotengenezwa maabara, ndani tupu, lisiloweza kuambukiza. Ni sawa na kocha kuwaonyesha mabeki jezi ya straika kabla ya mechi. Siku straika mwenyewe akiingia, wanamjua na wanamkaba. Chanjo ilianza kutumika duniani mwaka 2006, na wengi wa wasichana waliochanjwa miaka ile sasa ni mama wenye watoto. Huko England, utafiti uliotoka 2021 ulionyesha saratani hiyo imepungua kwa asilimia 87 kwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13.

Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wenye miaka 9 hadi 14. Umri huo umechaguliwa kwa sababu kinga hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia kirusi, na kirusi hicho huambukizwa kwa kujamiiana. Wanaouliza kwa nini wasichana tu, wana hoja. Uingereza na Australia huwachanja na wavulana. Ila anayeugua mlango wa kizazi ni mwanamke, na dozi zikiwa za kuhesabu, huanziwa kwake.

Na yule binti aliyezimia foleni? Hilo hutokea kweli, na mara nyingi ni hofu ya sindano. Mmoja akidondoka, wenzake wanaotazama nao hulegea. Anayejua presha ya penalti ya mwisho anaelewa mwili unavyoweza kumsaliti mtu mzima mwenye afya. Binti akilazwa chini kidogo, huamka.

MBONA TETESI ZINASHIKA?

Mashabiki hawakuokota shaka hii barabarani. Januari 2021, Rais John Magufuli akiwa Chato, ng'ambo ya ziwa, alizitilia shaka chanjo za korona mbele ya taifa. Julai 28 mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu, Dar es Salaam, kamera zikiwaka. Ndani ya miezi sita mwananchi alisikia mambo mawili yanayopingana kutoka ofisi moja. Kumcheka aliyebaki na maswali si haki. Anahitaji kujibiwa.

Musoma wanaijua hali hiyo hata kwenye mpira. Oktoba 2021 Biashara United iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, kisha haikusafiri kwenda kurudiana, ikatolewa. Panapokosekana maelezo ya mapema, kila mtu huja na yake. Chanjo nayo ni hivyohivyo. Mtaalamu akinyamaza, mwenye simu anazungumza.

BUTIAMA WALISHAONYESHWA NJIA

Mwaka 1973, Tanzania ikiongozwa na mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadili magonjwa, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Siri yake ilikuwa kwamba mtu hakuambiwa tu akanyamaza. Alisikia, akauliza, akabishana na wenzake wanaomjua.

Vikundi vile leo vipo, ila vimebadilika jina. Ni vijiwe vya bodaboda na mabanda umiza ambako watu hujazana kutazama Ligi Kuu ya England. Muuguzi wa zahanati akipewa dakika 10 za mapumziko kwenye banda la Bunda au Butiama, atakutana na kina baba ambao hawaonekani kliniki mwaka mzima.

Na mashabiki wasimwonee haya. Wamuulize kama wanavyouliza usajili: nani kasema, kajuaje, nani amethibitisha? Wakikosa muuguzi karibu, namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure kupiga. Siku ya chanjo shuleni ikitangazwa, baba aende na maswali yake yote, ajibiwe uso kwa uso, ndipo aamue kuhusu binti yake.