KUCHAGUA PROGRAMU YA KUSOMEA KHABARI BILA YA MALIPO



Mtakumbuka kwamba msimu uliopita ilizagaa khabari katika simu zetu kuwa bei ya karafuu huko Indonesia imeanguka. Watu wakapelekeana, huyu akampa yule, na wako walioanua majamvi kabla ya wakati wakaenda kuuza kwa khofu, karafuu zao zikatiwa daraja la chini. Nilipoitafuta asili yake nikaiona. Khabari yenyewe iliandikwa kweli, lakini iliandikwa miaka mitatu nyuma. Tarehe ilikatwa njiani. Aliyeituma hakupata hasara yo yote.

Kwa sababu hiyo nimeombwa niwaelezee njia ya kuipokea khabari kwa mwenyewe aliyeiandika, pamoja na tarehe yake.

Tovuti nyingi za khabari, mbali na kurasa tunazoziona, huweka pia faili dogo lenye kichwa cha kila khabari, saa na tarehe iliyotolewa, na anwani ya kuifikia. Faili hilo ndilo linaloitwa mlisho wa RSS. Utaratibu huu ulianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape, na namna inayotumika zaidi, RSS 2.0, ni ya mwaka 2002. Programu ya kusomea kazi yake ni kama ya mtoto anayetumwa posta kila asubuhi: huzizungukia tovuti ulizozitaja wewe, huchukua kilicho kipya, hukupangia mbele yako, kipya juu na cha zamani chini. Hapana mtu wa kati anayekuchagulia, wala tovuti haikuulizi nambari yako ya simu.

Sasa, programu ipi? Ziko nyingi, na za bure si chache. Walakini neno "bure" lina mambo yake. Kampuni ya Google ilikuwa na programu yake, Google Reader, tangu mwaka 2005, nayo ilipendwa mno. Tarehe 1 Julai 2013 ikafungwa. Watu waliokimbilia kwa Digg nao wakafungiwa mlango mwaka 2018. Basi swali la kwanza kuuliza, kabla ya kutazama rangi na mapambo, ni hili: siku wenyewe wakifunga, nitaweza kutoka na orodha yangu? Programu nzuri hukuruhusu kuitoa orodha yote katika faili liitwalo OPML, ukaitia katika programu nyengine kwa dakika moja. Isiyokuwa na ruhusa hiyo iacheni.

Kuna zile ambazo orodha yako huwekwa kwenye mitambo ya kampuni, nawe hufungua akaunti. Feedly ni hivyo, na bila ya malipo hukubali tovuti 100. NewsBlur hukubali 64. Kwa sisi idadi hizo ni zaidi ya haja. Mimi mwenyewe ninazo 11, na baadhi sizisomi. Faida yake ni kuwa ulichokisoma katika simu huonekana kimesomwa katika kompyuta pia. Dhara yake ni kwamba utashawishiwa mara kwa mara ulipe.

Nyengine hukaa ndani ya simu yako tu. Kwa simu za Android iko Feeder, isiyotaka akaunti wala kuonyesha matangazo. Wenye iPhone wanayo NetNewsWire, ya bure vile vile. Mwenye kompyuta anaweza kutumia Thunderbird, ambayo husoma barua na milisho pamoja.

Kwa rai yangu, wengi wetu Feeder yatutosha, na sababu yangu kubwa ni bando. Katika mipangilio yake unaweza kuiamuru isichukue khabari ila penye Wi-Fi, na picha vile vile. Unaweza pia kuiamuru ichukue khabari nzima badala ya kichwa tu. Basi mtu akipita mjini asubuhi penye mtandao, jioni kambini, pasipokuwa na mtandao, atasoma vyote bila ya kutumia hata senti. Anayefanya kazi ya kuchuma ataifahamu faida hii mara moja.

Kuongeza tovuti si kazi ngumu: andika anwani yake, na mara nyingi programu itautafuta mlisho yenyewe. Anzeni na Idhaa ya Kiswahili ya BBC na Habari za Umoja wa Mataifa za Kiswahili. Zote mbili zinao. Lakini si kila mahali utapata. Makundi yetu ya WhatsApp hayana mlisho, na ofisi nyingi zinazotoa matangazo yao Facebook peke yake hazitafikika kwa njia hii. Hizo itabidi tuendelee kuziulizia kwa mdomo. Jambo jengine, mlisho hauitakasi khabari. Mwandishi akisema uwongo utaupokea uwongo wake mzima, ila utajua nani kasema na lini.

Mwanachama anayetaka kusaidiwa na afike ofisini Jumamosi baada ya sala ya alasiri na simu yake ikiwa na chaji. Nitampa faili la OPML lenye orodha yangu, afute asichokitaka.

Katibu